Yuko Kwenye Kijani, Damu 7.6

Hakuletwa kwa sababu anaumwa. Aliletwa kuchanjwa surua, chanjo ya miezi tisa, mama yake kamfunga mgongoni kwa kanga, mashavu yamejaa, mikono ina mikunjo ya unono. Kina mama waliokaa kwenye benchi walimtazama kwa ile husuda ndogo ya kliniki. Kwenye mzani alikuwa kilo 8.2. Nikachora nukta kwenye kadi, ikaangukia kwenye kijani kama nukta zake zote tangu akiwa na miezi mitatu, nikanyoosha mkono kupokea kadi inayofuata.

Muuguzi wa chanjo ndiye aliyenizuia. Alikuwa amemshika mtoto kiganja asije akarusha mkono wakati wa sindano, na sindano ilipokwisha hakukiachia. Akakikunjua, akakilaza juu ya kiganja cha mama. Cha mama kilikuwa na wekundu wake wa kawaida. Cha mtoto kilikuwa rangi ya unga wa muhogo uliolowa.

"Mama, huyu nyumbani anachezaje?"

Mama akatabasamu. "Ni mpole huyu, hasumbui kabisa. Ukimkalisha hapa, utamkuta hapahapa."

Miezi tisa, mtoto wa kike mwenye afya, na ukimkalisha hapa utamkuta hapahapa. Kwetu upole wa mtoto ni sifa, ndiyo maana hakuna aliyeushtukia. Tukamchoma kidole, tone moja likaingia kwenye kile kimashine cha mezani cha kupima himoglobini, kikasoma 7.6, yaani gramu kwa kila mililita 100 za damu.

Mimi ni afisa lishe hapa Dodoma mjini. Kituo sitakitaja, na baadhi ya mambo madogo nimeyabadilisha familia isije ikatambulika. Lakini jambo moja silibadilishi: miezi mitatu kabla ya siku hiyo, mtoto huyuhuyu alipotimiza miezi sita, mimi ndiye niliyemsimamisha mama yake mbele ya benchi zima nikamsifu. Alikuwa amenyonyesha maziwa yake pekee kwa miezi sita kamili, bila maji, bila dawa ya chango, bila uji wa kuonjesha. Nikasema, jamani, mwigeni huyu. Nilikuwa sahihi, na sikuwa nimeona kitu.

Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilishusha mpaka wa upungufu wa damu kwa watoto wa miezi 6 hadi 23 kutoka 11 hadi 10.5. Kwa 7.6 hapakuwa na haja ya kubishana tutumie mpaka upi. Kipimo cha malaria kilitoka hasi, na Dodoma malaria ni chache ukilinganisha na Geita au Kigoma. Selimundu, hasi. Mama alipimwa VVU wakati wa ujauzito na tena baada ya kujifungua, hana. FBP, kile kipimo cha picha kamili ya damu, ilipotoka maabara ikaonyesha chembe nyekundu ndogo, zilizopauka, zisizolingana ukubwa. Daktari akaandika kile tulichokwisha kukihisi: upungufu wa madini chuma.

Ndipo nikafanya nilichopaswa kukifanya miezi mingi nyuma. Nikafungua kadi ukurasa wa mwanzo, ule ambao hakuna anayeusoma kwa sababu grafu iko ndani. Uzito wa kuzaliwa: 2.3. Umri wa mimba: wiki 36.

Hapa naomba msomaji avumilie hesabu kidogo, maana kisa chote kimejificha humo. Mtoto huzaliwa na chuma takriban miligramu 75 kwa kila kilo ya mwili wake. Sehemu kubwa ya chuma hicho humfikia katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba, kwa hiyo anayetoka mapema hutoka na kibuyu ambacho hakijajaa. Mtoto wa kilo 3.2 anaanza maisha na miligramu kama 240. Huyu wetu wa kilo 2.3 alianza na kama 172. Sasa njoo miezi tisa baadaye. Ana kilo 8.2, na kwa umri huo damu ni takriban mililita 80 kwa kila kilo, yaani mililita 656. Kila gramu ya himoglobini hubeba miligramu 3.4 za chuma. Damu yake ingekuwa 11, ndani yake kungekuwa na chuma cha miligramu 245. Kwa ile 7.6 aliyokuwa nayo, kilichomo ni kama 170.

Nilirudia hesabu mara mbili nikidhani nimekosea. Alizaliwa na 172, damu yake ina 170. Haya ni makadirio, na misuli nayo ina chuma chake, kwa hiyo si kweli kwamba hakupata chochote tangu azaliwe. Ila picha yenyewe ndiyo hiyo: mwili umeongezeka zaidi ya mara tatu na nusu, mtaji wa chuma karibu uleule. Ni birika la chai linaloongezwa maji kila anapoingia mgeni. Majani ni yaleyale.

Na hapo ndipo kijani kilipotuponza. Kadi inapima kilo. Mtoto aliyezaliwa mdogo akakua kwa kasi ndiye anayemaliza akiba mapema kuliko wote, kwa sababu kila kilo mpya inadai damu mpya. Kila mwezi tuliposhangilia nukta inapanda, akiba ilikuwa inashuka, na hakuna mahali kwenye grafu pa kuonyesha hilo. Shirika la Afya Duniani linaelekeza mtoto aliyezaliwa njiti au na uzito pungufu, na anayenyonya maziwa ya mama, apewe chuma cha nyongeza kama hakipati kwa njia nyingine. Huyu hakupewa. Alipozaliwa hospitalini waliandika 2.3 wakamruhusu, sisi kliniki tukaendelea kuchora.

Mama alipoulizwa habari za ujauzito alisimulia vipande ambavyo peke yake visingemshtua mtu. Alianza kliniki mwezi wa tano. Vidonge vya FEFO, vile vya chuma na foliki asidi, alipewa, vikamchafua tumbo, akaacha bila kusema. Alikuwa anatafuna pemba, ule udongo mgumu wanaouza sokoni kwa vipande, wajawazito wakaununua kama pipi. Hamu ya udongo mara nyingi ni dalili ya upungufu wa chuma, na udongo wenyewe unaweza kuzuia chuma cha kwenye chakula kisifyonzwe, kwa hiyo mtu anazunguka kwenye duara. Kuhusu kitovu alikumbuka tu kwamba "walikata haraka, wakamkimbiza pembeni." Pengine mtoto alihitaji msaada wa kupumua, siwezi kumhukumu mkunga kwa kumbukumbu ya mzazi aliyekuwa kwenye uchungu. Lakini dakika hizo zina thamani. Utafiti uliofanyika Mexico na kuchapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba kusubiri dakika mbili kabla ya kubana kitovu kulimwongezea mtoto akiba ya miligramu 27 hadi 47 alipofikisha miezi sita. Kwa mwenye 172, hiyo si pesa ya mboga.

Basi tukaenda nyumbani kwao, Nkuhungu, saa nne asubuhi, muda ambao uji huwa bado uko jikoni.

Bibi mzaa baba alikuwepo, ametoka Bahi kuja kumsaidia mkwewe. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu, mbukwenyi, karibuni." Kiti kikatolewa, na kabla sijauliza lolote nikaletewa ushahidi: ndoo ndogo ya unga wa lishe. Nafaka nane, mama akasema kwa fahari, amenunua na kusaga mwenyewe mashineni. Mahindi, mtama mwekundu, ulezi, ngano, mchele, soya, karanga, mbegu za maboga. (Nane, ukikubali kuziita soya, karanga na mbegu za maboga nafaka.)

Sina ugomvi na uji wa lishe. Nina ugomvi na imani kwamba kadiri unavyoongeza aina ndivyo unavyoongeza lishe. Mbegu na nafaka zina chuma, ni kweli, ukizipeleka maabara utakikuta. Lakini zina pia faiteti, kitu ambacho mbegu inakitumia kuhifadhi fosforasi yake hadi iote, na faiteti hukishika chuma tumboni kisipite. Mtama mwekundu na ulezi vinaongeza tanini juu yake, ule ukakasi unaouhisi ulimini, nayo inashika chuma vilevile. Soya ndiyo kabisa. Kwa hiyo kila unachoongeza kwenye ndoo ile kinaongeza chuma kwenye karatasi na vizuizi kwenye tumbo. Mtoto wa umri huu anahitaji chuma cha miligramu 9.3 kwa siku kama mwili utafyonza asilimia 10 ya kilichomo kwenye chakula. Ukishuka hadi asilimia 5, na uji wa namna hii unaweza kushuka hivyo au zaidi, hitaji linakuwa mara mbili. Hakuna bakuli la uji litakalomfikisha huko. Lina ujazo wake na yeye ana tumbo lake.

Uji wenyewe ulikuwa mwepesi, wa kunyweka kikombeni. Ukipoa unatiwa maziwa. Maziwa yanatoka kwa bibi, dumu la lita tano linapanda gari Bahi, na mtoto alikuwa anapata kama nusu lita kwa siku tangu mwezi wa sita. Saa kumi jioni anapata chai ya maziwa na kipande cha mkate. Chai kwa mtoto wa miezi tisa! Lakini nani hajawahi kuona.

Kuhusu maziwa ya ng'ombe lazima niwe mwangalifu, maana nazungumza na watu ambao ng'ombe ni benki yao. Maziwa ya ng'ombe yana chuma kidogo mno, na kalisi na protini zake huzuia hata kile cha kwenye uji. Akina Fomon na Ziegler wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, walionyesha kwamba maziwa ya ng'ombe yanaweza kumfanya mtoto mchanga avuje damu kidogokidogo kwenye utumbo bila macho kuiona kwenye choo. Joto kali hupunguza tatizo hilo, na bibi alikuwa anayachemsha hadi yafure, kwa hiyo sikulitia mkazo. Nilichokitilia mkazo ni nafasi. Nusu lita ile ilikuwa imekalia tumbo ambalo lingepokea chakula kingine.

"Na nyama je, anakula?"

"Anakula," mama akajibu upesi. "Kila Jumapili."

Bibi akamrekebisha, na namshukuru. Anakunywa supu. Nyama nusu kilo inachemshwa, mchuzi unaloweka ugali wa mtoto, vipande vinakwenda kwa baba na wakubwa. "Nguvu yote imo kwenye supu," bibi akanifafanulia kwa upole wa mtu anayemfundisha mjinga. "Nyama ikishachemshwa ni makapi."

Nikaomba sufuria la jana. Kulikuwa na vipande viwili vimebaki. Nikakata kimoja katikati, nikamwonyesha bibi ndani: kahawia nzito. Nikamwonyesha mchuzi kwenye upawa: mafuta juu, chini maji yenye rangi hafifu ya nyanya. Rangi ya nyama ndimo chuma kilimo, bibi, na unaona mwenyewe rangi imebaki wapi. Akaitazama nyama muda mrefu kuliko nilivyotarajia. "Basi tumekuwa tukiwapa watoto maji," akasema, na hakulisema kwangu.

Chuma cha nyama hufyonzwa kwa njia yake, asilimia 15 hadi 35, bila kujali sana faiteti na tanini. Zaidi ya hapo, nyama ikiliwa pamoja na nafaka husaidia hata chuma cha nafaka kupita. Kwa hiyo vijiko viwili vya nyama iliyosagwa ndani ya ugali laini vingefanya kazi ambayo unga wa nafaka nane haukuifanya kwa miezi mitatu.

Baba alirudi tukiwa hapo, ameegesha bodaboda mlangoni, na alikuja na lake. "Dokta, mimi kila siku namletea huyu mke wangu juisi ya rosela na bitiruti, na wikendi maini, maziwa yake yawe na damu. Sasa inakuwaje?" Nilimwonea huruma. Alikuwa ametumia hela kwa mapenzi, mahali pasipo na tundu la kupitia. Chuma cha kwenye maziwa ya mama hakifuati anachokula mama. Ale maini asile, anywe vidonge asinywe, maziwa yanabaki na takriban miligramu 0.35 kwa lita. Maini yale yalimjenga yeye, na alistahili. Mtoto hayakumfikia. Na bitiruti haina chuma cha kujisifia, chini ya miligramu moja kwenye gramu 100. Wekundu wake ni rangi tu, ndiyo hiyohiyo inayotoka kwenye mkojo.

Nilipotaja ile 0.35 bibi akadaka. "Kumbe maziwa yake hayana kitu! Basi mwachishe, anywe ya ng'ombe."

Niliitarajia kauli hiyo, na ndiyo inayonifanya nisipende kuzungumzia chuma cha maziwa ya mama hadharani. Ukilisema nusu, unavunja kazi ya miaka. Maziwa ya mama yana chuma kidogo, lakini hicho kidogo hufyonzwa vizuri kuliko cha chakula chochote cha mimea. Ndani yake kuna laktoferini, protini inayokamata chuma ili bakteria wa tumboni wasikipate, maana wengi wao wanakihitaji ili wazaliane. Mtoto aliyezaliwa kwa wakati na uzito wake amekuja na akiba ya kumfikisha miezi sita hivi, kwa hiyo maziwa hayana haja ya kubeba mzigo huo. Baada ya hapo akiba imekwisha na kazi inahamia kwenye sahani. Bado maziwa yanampa nishati, mafuta na kinga, bado anyonye hadi miaka miwili na zaidi. Kosa la nyumba ile lilikuwa kwenye sahani, na la kwetu kliniki lilikuwa kwenye ukurasa wa kwanza wa kadi. Titi halikuwa na kesi.

Bibi alinisikiliza, kisha akaniuliza swali ambalo ni bora kuliko semina nyingi nilizokaa: "Sasa hicho chuma, kwa hela ya hapa ndani, kinapatikana wapi?"

Maini ya kuku yanafaa, ila nilimwonya yasipite mara moja au mbili kwa wiki, kwa kuwa yamejaa vitamini A na mtoto alikwisha kupata matone yake. Mayai ni chakula kizuri sana, lakini kwa chuma usiyategemee, kiini kina protini inayokishika kisiachie. Dagaa wa kusaga, ndiyo, wakichambuliwa mchanga. Kisha nikataja bandama.

Wakacheka wote, baba kwa sauti zaidi. Bandama ni ya mbwa. Lakini gramu 100 za bandama mbichi ya ng'ombe zina chuma kinachozidi miligramu 40, wakati maini yana 5 au 6 na steki 2 au 3. Kesho yake baba alikwenda buchani, muuza nyama akamuuliza, "Una mbwa wangapi?" na akampa robo kwa bei ya kutupa. Nilikuwa nimemwelekeza mama: nunua penye mhuri wa mkaguzi, ipasue, ikwangue kwa mgongo wa kisu. Inatoka kwenye utando wake kama rojo nzito nyekundu. Ipike hadi iive kabisa na kitunguu na nyanya, usiache wekundu wowote, maana mikoa yetu ina magonjwa ya mifugo yanayohamia kwa watu. Kijiko kimoja cha chakula kwenye ugali laini wa uwele, mara tatu kwa wiki. Kijiko hicho kina zaidi ya miligramu 6.

Uji hatukuufuta, tuliupunguza maneno. Mtama mwekundu na ulezi vikatoka, zikabaki nafaka mbili na karanga. Na hapa bibi aliingia kwenye uwanja wake, kwa sababu kimea anakijua tangu yuko mdogo, kuloweka, kuotesha, kuanika, kusaga. Wilbald Lorri wa Taasisi ya Chakula na Lishe na mwenzake Svanberg wa Sweden walionyesha mwaka 1993 kwamba kuchachusha uji pamoja na unga wa kimea kunamaliza karibu faiteti yote kwenye nafaka zisizo na tanini, na kwamba kwenye nafaka zenye tanini nyingi mbinu hiyohiyo inafanya kazi kidogo sana. Togwa ya bibi ilikuwa sahihi, ila mtama mwekundu ulikuwa unaiharibu. Juu yake tukaongeza ubuyu, ule mweupe usiotiwa rangi wala sukari, uliochekechwa nyuzi na mbegu zikatoka, kijiko cha chai kwenye uji uliokwisha kupoa. Vitamini C ya ubuyu inakifungua chuma cha mimea, na ukiuchemsha unaiua. Chai ya saa kumi ikafa rasmi siku hiyo. Maziwa ya ng'ombe yakashuka hadi kikombe kidogo.

Wengine watauliza, na unga ulioongezwa virutubishi? Tangu 2011 kanuni zinavitaka viwanda vikubwa viongeze chuma kwenye unga wa ngano na mahindi. Familia hii inasagisha mashine ya mtaani, kama familia nyingi hapa, na mashine ile haiongezi kitu.

Chakula pekee kisingetosha kufuta deni la ukubwa ule, kwa hiyo daktari aliandika chuma cha maji, miligramu 3 kwa kilo, yaani kama 25 kwa siku kwa miezi mitatu, mbali na maziwa. Siku ya tano choo kikatoka cheusi kama lami. Bibi akaificha chupa kabatini. Niligundua siku ya 14 nilipopita na kukuta chupa haijapungua tangu siku ile. Hakuna aliyekuwa amewaambia kwamba choo kitabadilika rangi, mimi nikiwemo, na wiki moja na zaidi ikapotea kwa sentensi moja tuliyoisahau.

Hofu ya bibi ina ndugu yake kwenye sayansi, na hatoki mbali. Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika Pemba (kisiwa, si ile ya kutafuna), ambako maelfu ya watoto wa mwezi 1 hadi 35 walipewa chuma na foliki asidi kila siku. Waliopewa walilazwa au kufariki kwa asilimia 12 zaidi ya wale ambao hawakupewa, na sehemu hiyo ya jaribio ikasimamishwa kabla ya wakati. Pemba ya wakati huo ilikuwa na malaria kali, na chuma kiligawiwa bila kumpima mtoto mmojammoja kwanza. Katika kundi dogo lililopimwa na kufuatiliwa kwa karibu, watoto waliokuwa na upungufu wa chuma pamoja na upungufu wa damu walinufaika. Ndiyo maana leo mwongozo wa dunia unaruhusu chuma cha kinga kwenye maeneo ya malaria pale tu ambapo malaria yenyewe inakingwa, inapimwa na kutibiwa. Binti yetu alikuwa na upungufu uliothibitishwa, hana malaria, analala kwenye chandarua. Tulikuwa na haki ya kumpa. Lakini nikimwona mama amenunua sharubati ya kuongeza damu dukani kwa sababu tu mtoto wa jirani alipewa, simpongezi.

Chupa ikatoka kabatini. Wiki nne baadaye damu ilikuwa 9.4. Kupanda kwa gramu moja au zaidi ndani ya muda huo ndiko kunakothibitisha ugonjwa kuliko karatasi yoyote ya maabara. Mwisho wa mwezi wa tatu wa dawa ikasoma 11.3. Katikati hapo bibi alinipigia simu kulalamika kwamba mjukuu ameharibika: anatambaa hadi jikoni, anavuta vikombe, anapiga kelele alfajiri. Nilikaa na simu sikioni nikicheka peke yangu ofisini.

Kinachonisumbua hakiko kwenye damu. Betsy Lozoff na wenzake waliwafuatilia watoto wa Costa Rica waliokuwa na upungufu mkubwa wa chuma utotoni, na mwaka 1991 wakaripoti kwamba walipofika miaka mitano, ingawa damu ilikwisha kurekebishwa, bado walikuwa nyuma ya wenzao kwenye vipimo vya akili na matendo. Ubongo wa mwaka wa kwanza hausubiri kliniki. Ndiyo maana nikikumbuka zile sifa nilizommwagia mama mbele ya benchi, siku ambayo akiba ya binti yake huenda ilikwisha kuisha, nakosa raha.

Siku hizi ninayo kalamu nyekundu kwenye mfuko wa koti. Kadi yoyote ikinifikia naanza na ukurasa wa mwanzo, na penye uzito wa chini ya 2.5 nauzungushia duara, ili hata atakayepima mwezi ujao nikiwa likizo alione. Hakuna waraka ulioniagiza na haikugharimu zaidi ya kalamu. Mganga mfawidhi aliuliza kwa nini ninachafua kadi za serikali. Nikamwonyesha kadi ya binti huyu, akanyamaza, na wiki iliyofuata nikamkuta naye ana kalamu.

Binti ana miezi kumi na minne. Bandama ameikataa tangu magego yaanze kusumbua, anaitema hadi ukutani, kwa hiyo wamehamia dagaa wa kusaga na maini ya kuku, na wakati mwingine nyama ya kawaida iliyotwangwa kwenye kinu cha kitunguu saumu. Baba bado anapita buchani kuchukua bandama ya mke wake, ambaye ni mjamzito tena na safari hii alianza kliniki mwezi wa pili. Muuza nyama haulizi tena habari za mbwa. Amepandisha bei.